Umeshafika Isimila? Jibu kwa mwalimu wa Historia anayekwenda Nyanda za Juu Kusini

Swali: Mtaalamu, salaam. Nafundisha Historia sekondari mkoani Shinyanga, huu ni mwaka wa 14. Kila mwaka naandika ubaoni maeneo yetu ya kale: Olduvai, Isimila, Kondoa Irangi. Mwaka huu binti mmoja wa kidato cha kwanza akanyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, wewe umeshafika Isimila?" Sijafika. Desemba nina siku nane, mimi na mke wangu, na tumeamua kwenda Nyanda za Juu Kusini. Nimesikia Isimila ni ya kale kuliko Olduvai, ni kweli? Kuna nini kingine cha kale huko, na wenyeji wake ni akina nani? Na je, naruhusiwa kubeba jiwe moja la mfano nikawaonyeshe wanafunzi?

Jibu: Mwalimu, salaam zimefika. Huyo binti mpe zawadi ya daftari, maana swali lake limefanya kazi ambayo matangazo ya utalii yameshindwa.

Nianze na yale ya haraka. Isimila si ya kale kuliko Olduvai, wala haikaribii. Tabaka za chini za Olduvai zina umri wa karibu miaka milioni 2. Zana za Isimila, kwa vipimo vya urani, zina takriban miaka 260,000. Waliokuambia vinginevyo nadhani walichanganya umri na wingi, kwa sababu Isimila zana zimelala juu ya ardhi kwa namna ambayo mgeni hufikiri ameingia ghala la mambo ya kale. Kuhusu jiwe, jibu ni hapana, lakini swali lako lina nia njema na nitalirudia mwishoni.

Sasa kabla hujafunga mizigo, naomba ushike jambo moja. Wageni wengi wakifika Iringa au Mbeya hupewa orodha ya vituo: korongo hili, jiwe lile, ziwa lile. Wanapiga picha, wanaondoka, na hawajui kwa nini vitu hivyo vyote vimekusanyika upande huo wa nchi. Sababu iko chini ya miguu yao. Ardhi ya kusini imepasuka, ikainuka, ikatapika moto, kisha mvua ikaichimba. Pale ilipoinuka ndipo watu walipofuata ubaridi na mvua, na pale ilipokatwa ndipo mambo ya kale yalipojitokeza. Ukiisoma ardhi kwanza, vituo vitajieleza vyenyewe, na darasani utakuwa na la kusema zaidi ya majina matatu ya ubaoni.

Kutoka Shinyanga utapita Singida na Dodoma, halafu utashika barabara ya lami ya Iringa. Usilale kwenye basi. Utavuka Mtera, ambako Ruaha Mkuu amezuiliwa kuwa bwawa la umeme, joto likiwa kali na mibuyu ikiwa imesimama kila upande. Kisha gari litaanza kupanda Nyang'oro, kona baada ya kona, na ndani ya muda mfupi utafungua begi kutafuta sweta. Hapo umepanda ukingo wa Bonde la Ufa. Iringa mjini uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kutoka hapo kwenda kusini nchi inazidi kupanda: Mufindi, Njombe, Makete, hadi uwanda wa Kitulo ambako utasimama mita 2,600 ukiwa bado kwenye tambarare ya majani. Mbeya ndiko kwenye fundo lenyewe. Mikono mitatu ya ufa inakutana hapo: mmoja unakwenda kaskazini magharibi kwenye Ziwa Rukwa, mwingine kaskazini mashariki kwenye mbuga za Usangu, na wa tatu kusini mashariki kwenye Ziwa Nyasa. Penye fundo hilo ndipo volkano za Rungwe zilipotokea. Mchoree mwanafunzi herufi Y iliyolala vibaya kidogo, atakuwa ameielewa Mbeya.

Twende Isimila. Iko kama kilomita 20 kutoka Iringa mjini, njia ya kwenda Mbeya. Daladala zinazokwenda upande wa Ifunda na Mafinga zitakushusha barabarani, na kutoka hapo ni bodaboda au miguu. Mwaka 1951 kijana mmoja mwanafunzi, D. A. Maclennan, akiwa safarini kati ya Nairobi na Johannesburg, alisimama hapo akaona mawe yaliyochongwa kwenye korongo. Uchimbaji mkubwa ulifanywa na F. Clark Howell na wenzake mwaka 1957 na 1958. Walichokikuta ni mabaki ya ziwa dogo la kale lililokuwa likijaa na kukauka. Watu walikuja kando ya maji, wakachonga zana za graniti na kwatzaiti, wakatumia, wakaziacha. Udongo ukafunika, wengine wakaja, nao wakaacha zao. Ndiyo maana zana ziko tabaka kwa tabaka.

Utakachokiona mkononi mwa mwongozaji wako ni shoka la mkono: jiwe lenye umbo la chozi, limechongwa pande zote mbili, upande mmoja mpana wa kushikia na mwingine wenye ncha. Utaona pia zana zenye makali mapana mbele kama ya shoka la kawaida. Tazama ulinganifu wake. Aliyechonga hakuwa anavunja jiwe ovyo. Umbo alikuwa nalo kichwani kabla hajapiga pigo la kwanza. Hapa ndipo ningekuomba ukae zaidi, Mwalimu, hata saa moja, kwa sababu vitabu vya sekondari vinaipitia Isimila kwa mstari mmoja, "zana za Zama za Mawe za Kale", kana kwamba zote ni kitu kimoja. Zana za mwanzo za Olduvai ni kokoto zilizopasuliwa vipande vichache kupata makali. Shoka la mkono ni fundi. Kati ya hayo mawili kuna zaidi ya miaka milioni moja ya mikono iliyokuwa ikijifunza, na mashoka ya Isimila yako karibu na mwisho wa safari hiyo, wakati zana nyepesi za kufunga kwenye mpini zilipokuwa zikianza kuchukua nafasi yake. Olduvai na Isimila zote mbili zikisimama mbele ya mwanafunzi, ndipo atakapoona muda unatembea.

Walichimbua pia mifupa ya wanyama, akiwemo aina ya kiboko aliyetoweka ambaye macho yake yalichomoza juu ya kichwa kama darubini ya nyambizi. Uliza wakuonyeshe.

Halafu shuka kwenye korongo la pili, lenye nguzo za udongo. Ni ndefu kuliko nyumba ya ghorofa, nyekundu na kijivu, na juu ya nyingine kuna kofia ya tabaka gumu. Hizo hazikujengwa na mtu. Mvua ilichimba udongo laini, ikashindwa penye tabaka gumu, na kilicho chini ya kofia kikabaki kimesimama. Mvua ile ile iliyochonga nguzo ndiyo iliyofukua mashoka, na ndiyo inayoyasomba kila msimu kuyapeleka mtoni. Desemba utaikuta ikiwa kazini. Vaeni viatu vyenye meno, maana udongo wa mteremko ukilowa unateleza kama mlenda, na nendeni asubuhi kabla mawingu hayajafunga.

Kesho yake nenda Mlambalasi. Naiweka juu ya vyote, nami najua wengi watakushauri uiruke kwa sababu ni mbali na mji na barabara yake ni ya vumbi, au ya tope kwa miezi yako.

Mlambalasi ni kilima cha mawe makubwa ya graniti. Hapo ndipo Mtwa (yaani mtawala) Mkwawa wa Wahehe alipojipiga risasi tarehe 19 Julai 1898, askari wa Kijerumani wakiwa wamemkaribia, badala ya kukamatwa hai. Kaburi lake liko hapo. Lakini humo kaburini kulilazwa kiwiliwili bila kichwa. Kichwa kilikatwa kikapelekwa Ujerumani, kwani serikali ya kikoloni ilikuwa imetangaza rupia 5,000 kwa atakayemleta. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika kifungu chake cha 246, uliiagiza Ujerumani irudishe fuvu la Mkwawa. Fikiria, mkataba uliogawa upya ramani ya Ulaya, ndani yake kuna kifungu cha Mhehe mmoja. Hata hivyo miaka ikapita. Ni mwaka 1954 ndipo Gavana Edward Twining alipokwenda kulitafuta kwenye makumbusho ya Bremen, akalichagua miongoni mwa mafuvu mengi kwa kulinganisha vipimo na vya vichwa vya jamaa wa Mkwawa walio hai, akalikabidhi kwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa, huyo huyo aliyekuja kuwa Spika wa Bunge letu. Fuvu liko Kalenga mpaka leo, ndani ya kasha la kioo, katika makumbusho ndogo kama kilomita 15 kutoka mjini. Kwa hiyo mtu mmoja ana mahali pawili pa kulala: mwili Mlambalasi, kichwa Kalenga. Nimewapeleka wanafunzi wa chuo huko mara nyingi, na kila mara wakishayaona yote mawili kwa siku moja, basi hurudi mjini kimya.

Na hapo hapo Mlambalasi, hatua chache juu ya kaburi, kuna pango la mwamba. Paul Msemwa alichimba hapo mwaka 2002, na baadaye timu ya Pamela Willoughby wa Chuo Kikuu cha Alberta. Juu walikuta mabaki ya wafua chuma, chini yake zana ndogo za Zama za Mawe za Mwisho, shanga za maganda ya mayai ya mbuni, na mifupa ya watu waliozikwa zaidi ya miaka 10,000 iliyopita. Mmoja wao alikuwa mtu mzima mwenye umbo dogo sana. Ina maana mwamba aliokimbilia Mkwawa siku zake za mwisho ulikuwa umehifadhi watu tangu kabla ya kilimo, kabla ya ng'ombe, kabla ya jina Uhehe. Kwenye mwamba mwingine wa mkoa huo, Magubike, timu hiyo ilipata meno sita ya binadamu wa Zama za Mawe za Kati. Unaposikia mtu anasema kusini hakuna historia ila ya Mkwawa, mtajie Magubike.

Kuhusu Wahehe wenyewe. Katikati ya karne ya 19 hapakuwa na dola ya Wahehe. Palikuwa na watemi wengi wadogo waliopakana milimani. Aliyewaunganisha, kwa vita na kwa ndoa, ni Munyigumba, na mwanawe Mkwavinyika, huyo tunayemwita Mkwawa, akairithi nchi na kuikuza. Jina lao husimuliwa kuwa lilitokana na ukelele wao wa vitani. Tarehe 17 Agosti 1891 huko Lugalo, mashariki ya Iringa, waliuvamia msafara wa Kijerumani wa Emil von Zelewski na kumuua yeye pamoja na sehemu kubwa ya askari na wapagazi wake. Ngome ya Kalenga ilianguka kwa mizinga tarehe 30 Oktoba 1894. Katikati ya tarehe hizo mbili na ya Mlambalasi kuna miaka ya vita vya msituni ambavyo wanafunzi hawavisikii, nawe ukiwa Kalenga muulize mwongozaji juu ya Mpangile, ndugu yake Mkwawa, ambaye Wajerumani walimtawaza na kisha wao wenyewe wakamnyonga mwaka 1897. Jina la mji wa Iringa linatokana na neno la Kihehe lilinga, yaani ngome. Ukikutana na mzee njiani, mwambie "Kamwene". Utajibiwa kwa mikono miwili.

Mjini kwenyewe nusu siku inatosha. Gangilonga, "jiwe linaloongea", mtaipanda jioni mkaona mji wote. Igeleke kuna michoro ya miambani, myekundu, si mbali na mji. Ni hafifu kuliko ya Kondoa, lakini kama hamjafika Kondoa itawapa macho ya kuanzia. Boma la Wajerumani sasa ni makumbusho ya mkoa. Basi.

Kutoka Iringa mkielekea Njombe, mtapita misitu ya misonobari ya Sao Hill na mashamba ya chai ya Mufindi. Njombe ni nchi ya Wabena, ndugu wa karibu wa Wahehe kwa lugha, wakulima wa nchi baridi: viazi mviringo, mahindi, na siku hizi maparachichi kila kilima. Kuanzia Iringa hadi Njombe mtakutana na ulanzi, pombe inayogemwa kwenye mianzi michanga wakati wa mvua, na mtakuwa mmefika msimu wake. Ukiingia Makete uko kwa Wakinga, ambao wengi wenu kanda ya ziwa mnawajua kama wafanyabiashara wa mijini. Ukiona miteremko waliyokuwa wakiilima babu zao, utaelewa kwa nini vijana wa huko hawaogopi kazi.

Makete ndiko njia ya Kitulo, na hapa Desemba yako inakuwa bahati. Kitulo ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na ni maua ndiyo yaliyoipa hadhi hiyo. Wenyeji huiita Bustani ya Mungu. Kuna aina kama 350 za mimea, zikiwemo aina 45 za okidi, na zinachanua kati ya Novemba na Aprili. Ukienda Juni, nchi ile ile ni majani makavu na upepo unaokata masikio. Okidi hizo zina adui: mizizi yake huchimbwa na kuvushwa mpaka wa Zambia kutengenezea chikanda, chakula kinachopendwa sana huko. Mtu wa Historia asiipite Kitulo akidhani ni ya watu wa Baiolojia. Udongo unaolisha maua hayo umechanganyika na majivu na mawe mepesi ya volkano za Ngozi na Rungwe.

Nazo volkano hizo si hadithi za mbali sana. Mlima Rungwe, wenye karibu mita 2,960, ulilipuka kwa nguvu kama miaka 4,000 iliyopita. Ngozi ilikuwa imeshalipuka kabla yake, ikadidimia, na shimo lake likajaa maji: ndilo ziwa la kijani mnaloliona baada ya kupanda msitu kwa saa moja hivi, nalo Wasafwa wanaliheshimu kama mahali pa matambiko, kwa hiyo msirushe mawe wala kupiga kelele ukingoni. Volkano jirani ya Kyejo ilimwaga lava karibu na mwaka 1800. Hesabu vizazi: Munyigumba alikuwa bado hajazaliwa, lakini pengine babu yake alikuwapo duniani. Na kule Kiwira, mto umetoboa lava ukaacha tao la mawe juu ya maji, wanaloliita Daraja la Mungu.

Tukuyu ni nchi ya Wanyakyusa. Pepo zenye unyevu kutoka Ziwa Nyasa zinagonga milima, zinapanda, zinapoa, na mvua inashuka zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka kwenye baadhi ya miteremko. Changanya mvua hiyo na udongo wa volkano, utapata migomba mpaka mlangoni. Chakula kilipokuwa tele namna hiyo, Wanyakyusa walijenga jamii ya aina ambayo wanaanthropolojia walikuja kutoka mbali kuitazama. Godfrey na Monica Wilson waliishi nao miaka ya 1930. Kwa watu wengi kijiji ni cha ukoo. Kwa Wanyakyusa kijiji kilikuwa cha rika. Wavulana wakifika miaka kumi hivi walitoka kwenye nyumba za baba zao, wakajenga vibanda vyao pamoja kando, wakakua pamoja, wakaoa, wakazeeka wakiwa majirani. Kizazi kikifikia wakati wake, baba walikabidhi uongozi wa nchi kwa watoto katika sherehe inayoitwa ubusoka, kisha wakakaa pembeni. Wafundishe hilo wanafunzi wako pale mnapofika mada ya jamii za Waafrika kabla ya ukoloni. Litaondoa ile dhana kwamba babu zetu wote waliishi kwa mtindo mmoja. Wenzao wa ng'ambo ya mto Songwe, Wangonde wa Karonga, leo wako Malawi, kwa sababu tu mpaka ulichorwa hapo. Salamu ya huko ni "Ugonile", na kwa mtu mzima "Mugonile".

Nina kisa kimoja cha Rungwe ninachokipenda. Watafiti wa wanyama waliokuwa wakifanya kazi huko walikuwa wakisikia wawindaji wa Kinyakyusa wakimtaja nyani fulani aitwaye kipunji. Wengi wangedhani ni mnyama wa ngano. Mwaka 2003 wakamwona kweli, mwaka 2005 wakautangazia ulimwengu, na mwaka 2006 ikabainika kwamba hata jenasi yake ilikuwa mpya kwa sayansi. Wenyeji walikuwa na jina lake siku zote.

Mkiwa na siku ya ziada, shukeni Matema ufukweni mwa Nyasa, chini ya Safu za Livingstone, mkawaone Wakisi. Wanawake wa Ikombe wanafinyanga vyungu vinavyopakiwa kwenye mitumbwi na kuuzwa soko la Lyulilo. Kwetu sisi wachimbaji wa mambo ya kale, vigae vya vyungu ndiyo kalenda; kumwona mfinyanzi hai akiweka nakshi shingoni mwa chungu kunakufundisha kusoma vigae kuliko mhadhara wowote.

Siku ya mwisho upande wa Mbeya nendeni Mbozi, mkoa wa Songwe, nchi ya Wanyiha. Mnashika barabara ya Tunduma, na kabla ya Vwawa mnaingia kushoto hadi kilima cha Marengi. Kimondo cha Mbozi kimelala hapo, pande la chuma lenye urefu wa mita 3 hivi, linalokadiriwa kuwa na tani 16 (vitabu vya zamani vitakuambia 12). Karibu asilimia 90 ni chuma na nyingi ya iliyobaki ni nikeli. Sayansi ilikitambua mwaka 1930. Wenyeji walikuwa wakikijua. Hakuna shimo la mwanguko, dalili kwamba kimekuwa hapo muda mrefu kiasi cha mvua kulifuta. Gonga kwa kidole usikie. Kisha kumbuka kwamba Wanyiha hao hao walikuwa wakiyeyusha chuma kutoka kwenye mawe ya ardhini, wakatengeneza majembe, na pande la mbinguni wakaliacha mahali pake.

Kimondo hiki ni maarufu kwa ukubwa, lakini kilicho maarufu zaidi maabara ni kidogo mno. Tarehe 16 Desemba 1938 kilianguka kimoja Ivuna, karibu na Ziwa Rukwa, chenye uzito wa gramu 700 hivi. Kilikuwa na mchanganyiko wa elementi unaokaribiana sana na wa jua lenyewe, tukiacha gesi, hata kundi zima la vimondo vya aina hiyo likaitwa kwa jina la Ivuna. Chombo cha Wajapani kilipoleta vumbi kutoka kwenye asteroidi Ryugu mwaka 2020, wanasayansi walikuta linafanana na kundi hilo. Ivuna hiyo hiyo ilikuwa kiwanda cha chumvi cha Waafrika mamia ya miaka kabla ya ukoloni, na vichuguu vya taka zake vimechimbwa. Na katika miamba ya bonde la Rukwa upande wa Mbeya kulipatikana taya la Rukwapithecus, mmoja wa wazee kabisa wa ukoo wa sokwe wanaojulikana, miaka milioni 25. Sehemu hizi mbili hazina kibanda cha wageni, usizitafute. Zitie kwenye masomo yako.

Ufipa, nchi ya Wafipa mkoani Rukwa, nakushauri uiache hadi likizo ya Juni, ingawa inaniuma kusema hivyo. Ni mbali, na Desemba barabara za pembeni zitakula siku zako zote. Lakini Juni ukipata nafasi, nenda Sumbawanga na Nkasi ukayaone malungu, matanuru marefu ya udongo, mengine marefu kuliko watu wawili waliopandana mabega, yaliyosimama porini tangu mafundi walipoyaacha katika karne iliyopita. Mfipa hakutumia mivukuto kwenye tanuru hilo kubwa. Urefu wake wenyewe ulivuta hewa kupitia mirija iliyopangwa chini. Chuma kilichotoka bado kilikuwa na uchafu, kikarudiwa kwenye tanuru dogo, kintengwe, na hapo ndipo mivukuto ilipotumika. Ukishayaona hayo, endelea hadi maporomoko ya Kalambo, zaidi ya mita 200 mpakani na Zambia. Juu ya maporomoko, upande wa Zambia, mwaka 2023 Larry Barham na wenzake walitangaza magogo mawili yaliyochongwa na kupachikwa moja juu ya lingine kwa pengo lililokatwa makusudi, yenye umri wa miaka 476,000. Mti hauishi miaka hiyo. Huu uliishi kwa sababu ulizama kwenye mchanga uliolowa maji bila hewa. Ni wa kale kuliko Isimila, na unatuambia kwamba waliochonga mashoka ya mkono huenda pia walikuwa maseremala, ila kazi zao za miti zimeoza kila mahali isipokuwa hapo.

Sasa jiwe lako. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kuondoa kitu cha kale mahali pake bila kibali, na haitofautishi mwalimu mwenye nia njema na mfanyabiashara. Lakini hata pasingekuwa na sheria, shoka la mkono likishatoka Isimila linapoteza nusu ya habari zake: lilikuwa tabaka gani, lililala kando ya nini, ncha ilielekea wapi. Ukifika darasani litakuwa jiwe zuri tu.

Fanya hivi. Beba manila na penseli. Mwombe mwongozaji akuwekee zana moja ya maonyesho juu ya karatasi, uchore mzingo wake kwa ukubwa ule ule, halafu uigeuze uchore upande wake uone unene. Piga picha ukiwa umeweka rula kando. Kisha ukirudi Shinyanga, ambako graniti na kwatzi zimejaa, okota kokoto ngumu ya kushika mkononi na jiwe la kupasua, ukawape wanafunzi wajaribu kuufikia mchoro. Wapige kwenye ukingo, kwa kuinamisha kidogo, wasipige katikati. Wakae nje, mbalimbali, wavae miwani ya maabara na viatu vilivyofunika vidole, maana vipande vya kwatzi vinaruka na vinakata kama wembe. Huyo binti aliyekuuliza, mpe jiwe la kwanza.